Mwaka wa Sura Iliyonyofolewa

Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la karatasi, mwanangu Nyemo yuko kwenye titi, nikafungua ukurasa wa mwisho wa kipande cha mwisho cha kitabu cha mwisho, sentensi ikakatika. Ilisema hivi: Zamda akamtazama mwanawe, akaugeukia mlango wa chombo, na. Basi. Baada ya hiyo "na" kulikuwa na jalada la boksi na uzi mpya mweupe ambao haukufanana na uzi mwingine. Nikadhani karatasi zimedondoka. Nikakung'uta kanga, nikaangalia chini, nikamwinua mtoto kwa mkono mmoja nione kama amekalia kitu. Ndipo nikaona chumba kizima kimetulia, utulivu wa watu wanaojua. Frida alikuwa anaiangalia simu yake kwa makini, na simu yenyewe imezima. Bi Zuhura akaongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa tayari.

"Kuna kurasa hazipo," nikasema.

Mzee Lameck akavua miwani. "Hazijapotea, binti yangu. Nimezitoa mimi. Kwa nia njema kabisa."

"Umezitoa kwa watu wote au kwangu tu?"

"Wenzako walishasoma."

"Kwa hiyo kwangu."

"Wewe una mtoto mdogo, mumeo yuko njiani na lori, na hayo mambo ya Singida unayo kichwani. Sura ile haimfai mtu aliye katika hali yako. Ninayo nyumbani kwangu, utaisoma ukishatulia. Hata mwakani."

Mzee yule nilikuwa nampa shikamoo kila Jumamosi, na nilikuwa naimaanisha. Siku ile nilimwambia, "Mzee, umekihasi kitabu. Umekihasi kama dume la ng'ombe, halafu unanikabidhi mimi nikichunge." Mtu mmoja nyuma akacheka, akakimeza kicheko. Nyemo akaachia titi, akaanza kulia. Nikambeba mgongoni, nikafunga kanga kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, nikatoka na kile kipande mkononi. Hakuna aliyenisimamisha.

Nayaandika haya kwa sababu juzi nimekutana na Frida dukani mjini, mimi nikimjaribisha Nyemo viatu vya shule. Frida, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo siku zile, sasa ni mfanyakazi wa serikali, ana begi la ngozi na sauti ya mkutanoni. Tukakumbatiana. Cha kwanza alichoniuliza ni, "Mama Nyemo, bado una hasira?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Kuna watu wanasema hasira ikikaa sana inakuwa sumu. Yangu imekaa miaka na haijanizuia kula wala kulala. Ni kama kovu la chanjo, ukiligusa unajua liko wapi.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Ipagala, chumba kimoja na baraza, na nilikuwa sina mtu wa kuongea naye kuanzia asubuhi hadi jioni isipokuwa mtoto ambaye jibu lake lilikuwa mate. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya vibarua viwili vitatu, nikaolewa, nikazaa. Siku zikawa ni beseni, kamba ya nguo, uji, beseni. Kilichoniokoa ni duka la Bi Zuhura. Lilikuwa duka la vifaa vya ofisi: madaftari, wino wa mihuri, fotokopi, kuchonga mihuri yenyewe. Ukoo wake umefanya biashara mjini tangu enzi za misafara, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba bibi zake waliuza shanga, yeye anauza bahasha, tofauti ni uzito tu. Nyuma ya duka, ukipita pazia, kulikuwa na stoo yenye harufu ya gundi na tangawizi. Humo ndimo kikundi chetu cha wasomaji kilimokuwa kinakutana kila Jumamosi. Hatukusoma kila kitu. Tulikuwa tunasoma vitabu vya mfululizo tu, vya kubuni dunia: wafalme wenye nguvu za ajabu, vyombo vya angani, miji ya miaka ijayo. Mzee Lameck, ambaye alikuwa ofisa huko Chamwino na karibu kustaafu, ndiye aliyekianzisha na ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wengine walikuwa wanafunzi wa chuo kutoka Chimwaga, watumishi wachache, na mimi.

Nakala ya kila kitabu iliyotufikia ilikuwa moja, imekuja kwa basi kutoka Dar, na watu wote tunaitaka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Bi Zuhura alikuwa anaikata. Alikuwa analaza kitabu kwenye meza, anakichana mgongo kwa wembe bila huruma, anakigawa vipande, kila kipande anakishona kwa uzi na sindano ya magunia na kukivalisha jalada la boksi. Mara ya kwanza nilipoona nilishika kichwa. Baadaye nilizoea hata nikawa naona kitabu kizima ni kitu cha kizembe, kimekaa tu mahali pamoja na mtu mmoja. Vipande vyetu vilikuwa vinatembea. Ukimaliza cha kwanza unampa anayefuata, unapokea cha pili kutoka kwa aliyekutangulia. Na sheria ilikuwa moja: mdomo kufungwa. Hakuna kusimulia mpaka msomaji wa mwisho amalize. Msomaji wa mwisho nilikuwa mimi. Mwenyekiti alikuwa anasoma kwanza kwa sababu ya uenyekiti, wanafunzi wanafuata kwa sababu ya mitihani, watumishi kwa sababu ya kazi, halafu mimi, kwa sababu, kama alivyoeleza Mzee Lameck, niko nyumbani na muda ninao. Mtu aliyesema mwenye mtoto mdogo ana muda aje anioneshe ulipo.

Nilikuwa nasoma nikinyonyesha, kipande kwenye goti, nafungua kurasa kwa mkono mmoja. Vilikuwa vinarudi na madoa ya uji na kila mtu alijua ni vya nani. Na kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, mimi ndiye niliyekuwa nafungua mjadala, na hapo nilikuwa siogopi mtu. Tulisoma Watemi wa Radi mwanzoni mwa mwaka. Kitabu cha kwanza ni kizuri na nitapigana na atakayekataa: kila ukoo una radi yake moja, na mtemi akiitumia anakuwa kiziwi wa sikio moja. Yaani nguvu ina gharama. Ana masikio mawili, afikirie. Lakini kufika kitabu cha tatu mwandishi amesahau sheria yake mwenyewe. Mtemi anapiga radi kama anawasha taa na bado anasikia wasaliti wakinong'ona chumba cha tatu. Nilisema pale stoo kwamba ukianzisha sheria ikufunge na wewe, vinginevyo usiianzishe. Nilisema pia kwamba jeshi zima linatembea nyika kavu wiki nzima na hakuna anayeuliza maji yako wapi. Mtu aliyekulia kwetu huku asingeandika hivyo hata akiwa na homa. Na akina mama: katika vitabu hivi mama akitokea ukurasa wa kwanza anapika na kuimba, ujue hafiki ukurasa wa kumi. Wanamuua ili kijana aweze kusafiri. Baba anaruhusiwa kuwa hai, anakutwa baadaye mlimani ana ndevu.

"Mama Nyemo, una chuki binafsi," Frida akasema.

"Ndiyo ni binafsi. Mimi ni mama. Wananiua kila kitabu."

Mzee Lameck alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Nitasema haki yake: alikuwa msomaji wa kweli. Alikuwa anatuletea zabibu za shambani kwake kwenye mfuko wa karatasi, anatusomea kwa sauti zile sehemu za vita, na nahodha mzee alipokufa katika Kisima cha Angani alitoka nje akasimama uani akijifuta macho na kusingizia vumbi. Ndiyo maana alichofanya kiliniuma. Angekuwa mjinga ningemsamehe upesi.

Kisima cha Angani ndicho kilichonimaliza. Ni stesheni inayoelea mbali huko, inakokota mabonge ya barafu, inayayeyusha na kuuza maji kwa vyombo vinavyopita. Zamda ni fundi wa pampu. Simuoni kama shujaa wa sinema. Ana vidole vyenye sugu, anatukana mashine, na kitabu cha kwanza kinaanza kwenye foleni ya maji, watu na madumu yao, mtu anaruka foleni na ugomvi unaanza. Nikasema huyu mwandishi ameshawahi kushika ndoo. Kitabu cha pili ni kirefu bila sababu, kinakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Cha tatu Zamda anajifungua ndani ya chumba cha pampu, na pale niliweka kipande chini nikatembea mpaka barazani na kurudi, kwa sababu mwandishi ameandika uchungu kwa maneno machache na hakukosea hata moja. Halafu kitabu cha nne anaharibu. Zamda anapanda ngazi za nje, anafungua vali, anapigana na wezi wa barafu, kurasa na kurasa, na mtoto haonekani.

"Sawa, vita nimeielewa," nikasema Jumamosi ile. "Mtoto yuko na nani?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Hii ni vita ya angani, siyo kliniki ya watoto," Frida akasema.

"Nakuuliza kitu rahisi. Yuko na nani? Ana miezi kama huyu wangu. Mimi nikienda chooni tu kuna mtu lazima ajue."

Katika kitabu cha nne mwandishi hajibu. Lakini kitabu cha tano, ambacho ndicho cha mwisho, kilipokuja, kumbe kilikuwa kinajibu swali langu hilo hilo. Pampu kuu imeharibika upande wa pili, safari ni ndefu, fundi ni yeye peke yake, na chombo hakichukui mtoto. Aende au abaki? Kitabu kizima kinalizunguka swali hilo. Nami nilikuwa nalizunguka langu. Kiwanda cha mafuta ya alizeti huko Singida kilikuwa kimenipa kazi ya karani wa mizani kwa msimu wa mavuno. Nyemo angekaa na mama yangu Chamwino. Mume wangu kwenye simu alikuwa anasema, "Amua wewe," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali. Nilikosea kulisema jambo hilo stoo, tukinywa chai. Kila mtu akawa nalo.

"Nenda, mwanangu," Bi Zuhura akasema. "Mtoto analia siku mbili, ya tatu anamzoea bibi, ya nne anamtawala bibi."

"Mtoto ni wa mama," Mzee Lameck akasema. "Kazi zitakuwepo tu."

"Kwani Singida ni angani, mzee?" nikamuuliza.

"Kwa mtoto, kila asikomuona mama yake ni angani."

Alisema vizuri, sikatai. Nililala nalo hilo neno. Na wiki mbili kabla sijapata kipande changu cha mwisho, nikiwa uani nafua nepi ya Nyemo kwenye bomba la duka, nilimsikia Mzee Lameck nyuma ya pazia akisema, "Huyu binti akiusoma ule mwisho, kesho yake anapanda basi." Bi Zuhura akajibu kitu sikukisikia. Nilidhani wanamsema Frida, ambaye wakati ule alikuwa na mchumba Arusha na kila mtu alimwogopea. Nikaendelea kufua. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu mzima anaweza kukaa na kuamua mwanamke asome mpaka wapi.

Siku ile nilipotoka na kipande nilifika nyumbani nikapika ugali wa uwele na mlenda wa karanga, kwa sababu hasira au si hasira watu wanakula. Nyemo akajipaka mlenda mpaka nyusi. Frida akanipigia simu. "Nikusimulie? Mimi nakusimulia sasa hivi, sheria ife." Nikamkatalia. Nilimwambia sikuwa natafuta habari, nilikuwa natafuta kurasa. Nimesoma vitabu vitano nikiwa wa mwisho kwenye foleni, nimefunga mdomo na masikio, ili nifike pale mlangoni na Zamda mimi mwenyewe, kwa macho yangu, kwa mwendo wangu. Kusimuliwa ni kitu kingine. Frida akasema, "Alituomba tusikuambie. Alituambia ni kwa ajili ya mtoto." Nikamuuliza kama walipiga kura. Akasema hapana, walinyamaza tu. Wanafunzi wa chuo kikuu, watumishi wa umma, watu wanaogombana saa nzima juu ya rangi ya joho la mtemi, hakuna aliyefungua mdomo.

Nilikwenda Singida. Naliandika wazi ili asiwepo wa kusema kitabu kilinipeleka: niliondoka bila kujua Zamda alifanya nini. Uamuzi ulikuwa wangu, na ungekuwa wangu hata kama angebaki. Siku namwacha Nyemo Chamwino nilijiandaa kwa kilio. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anakula, akanitazama, akarudi kwenye bakuli. Niliyelia ni mimi, ndani ya basi mpaka Manyoni. Baadaye sana nilijinunulia nakala yangu ya kitabu cha tano, nzima, yenye mgongo wake, nikaisoma ile sura mchana mmoja. Maoni yangu ni haya: Zamda anaondoka, mtoto anabaki na fundi mwenzake, hakuna radi inayompiga na hakuna mtu anayemsifu. Mwandishi anaeleza sana kuhusu injini, kama kawaida yake. Sura nzuri, siyo nzuri sana. Haina nguvu ya kumpandisha mtu kwenye basi. Nilipoimaliza nilichukia upya, kwa sababu ndicho walichonifichia, kitu cha kawaida kama hicho.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu baada ya ile Jumamosi nilikaa barazani na karatasi za mistari, nikaandika kama tulivyofundishwa kidato cha pili, anwani kulia, kichwa cha habari katikati, nikaandika nakala mbili kwa mkono. Kikundi chetu kilikuwa kimesajiliwa, kina katiba, na katiba ilisema malalamiko yapelekwe kwa katibu kwa maandishi. Katibu alikuwa Bi Zuhura. Nilimkuta kaunta anamchongea muhuri mtu wa chama cha ushirika. Nikamwamkia, nikaweka barua mbele yake.

"Unanishtaki na mimi?"

"Jina lako liko aya ya pili."

Akavaa miwani, akasoma huku midomo inatembea. "Umeandika na wembe?"

"Nimeandika."

"Mm. Si uongo." Akasoma mpaka chini. "Na hii nakala nyingine?"

"Ya afisa maendeleo ya jamii."

"Kwa ajili ya kitabu cha hadithi, Mama Nyemo? Atakucheka."

"Acheke akishapokea. Naomba muhuri."

Yule mtu wa chama cha ushirika alikuwa amesahau muhuri wake, anatusikiliza. Bi Zuhura akafungua droo, akachagua muhuri wa kupokelea, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye nakala zote mbili, akatia sahihi pembeni. Kisha akanisukumia moja. Ilisema hivi:

KATIBU, KIKUNDI CHA WASOMAJI.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUONDOLEWA SURA YA MWISHO YA KITABU CHA TANO CHA KISIMA CHA ANGANI.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama halali wa kikundi hiki na nimehudhuria tangu mtoto wangu hajakaa. Siku ya Jumamosi nilipokea kipande cha mwisho cha kitabu kilichotajwa na kukuta sura ya mwisho imenyofolewa. Mwenyekiti, Mzee Lameck, alikiri mbele ya wanachama kuwa aliitoa yeye ili mimi nisiisome, na kuwa ameihifadhi nyumbani kwake.

Kazi ya kuitoa ilifanywa na katibu, Bi Zuhura, kwa wembe wa kikundi. Wanachama wengine walijua na hawakusema. Katiba yetu inaruhusu kukata kitabu ili kila mtu asome. Hairuhusu kukikata ili mtu mmoja asisome.

Sababu niliyopewa ni kwamba nina mtoto mdogo. Ni kweli ninaye. Wanachama wengine wanao pia, akiwemo mwenyekiti mwenye watoto sita, na vipande vyao vilikuwa kamili.

Naomba yafuatayo. Kurasa zirudishwe kwenye kipande nilicho nacho, na zishonwe kwa uzi, zisibandikwe kwa gundi, kwa sababu nasoma kwa mkono mmoja. Zamu ya kusoma ipangwe upya kwa kura, na aliyekuwa wa mwisho vitabu vyote vitano awe wa kwanza kitabu kijacho. Mwenyekiti asiulize tena mwanachama yeyote ana hali gani kabla ya kumpa kitabu.

Sitaki kuombwa radhi, na sitaki kusimuliwa. Kuhusu kama Zamda alifanya vizuri au vibaya, sina maoni kwa sasa. Nitayatoa nikishasoma.